Nusu Kichwa

Jumamosi, saa nne asubuhi, Jericho.
Nimemwinamisha Lumadede kitini,
upande wa kushoto nimeshaumaliza,
ndipo redio ikasema kocha ameondoka
na shirikisho litamtaja mwingine
kabla ya mwezi kwisha.

Mashine ikanguruma peke yake mkononi mwangu.

"Mzungu," akasema Gichohi, bila kuulizwa,
yeye aliyeingia kuchaji simu tu.
"Leteni mtu asiyejua kwao na mtu,
asiyeitwa mjomba na mshambuliaji."

"Mzungu yupi?" Ouko akasimama, gazeti likamwanguka.
"Yule wa juzi alijua watu watatu:
kipa, nahodha, na mhasibu."

Tukacheka. Lumadede naye akacheka, kichwa kikacheza.
Nikamwambia, tulia bwana,
sikio si nyasi, likikatwa halioti.

Abdikadir akavuka kutoka kibanda cha mitumba,
kiatu kimoja mkononi, mwenziwe kwa mteja.
"Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo wimbo wenu.
Haya, wamekuja wageni. Mwenyeji bado yuko wodini.
Mbona hamwoni aliye hapo Toyoyo,
anayefunza watoto themanini kwa mpira mmoja
na filimbi ya kuazima?"

"Themanini!" Gichohi akaguna.
"Mpe timu ya taifa uone
simu atakazopigiwa usiku na waheshimiwa.
Fulani aanze. Fulani akae. Huyu ni wetu."

Wakanivamia meza.
Kopo la mafuta likawa golini.
Mabeki wanne: chupa mbili za spiriti, poda, dawa ya mba.
Katikati vikopo vitatu vya rangi ya nywele,
mbele machanuo matatu.
Ouko akaisukuma poda ipande, Gichohi akairudisha,
wakaivuta na kuivutana hadi ikamwagika,
beki wetu wa kulia akalala mezani mweupe,
akinukia kitoto kichanga.

Nabwire alikuwa kwenye benchi muda wote huo,
amemleta mwanawe, anasubiri zamu.
Hakupandisha sauti.

"Kaka yangu aliichezea mechi kumi na moja.
Chini ya makocha watatu, wawili wa nje, mmoja wa hapa.
Alirudi na jezi, na goti.
Marupurupu yapo njiani, walimwambia.
Njia hiyo sijui inapitia wapi.
Nilimsindikiza Kenyatta, tukapanga foleni tangu alfajiri,
daktari akamuuliza kazi yake,
akasema, mimi ni winga.
Hakusema nilikuwa."

Kiatu cha Abdikadir kikashuka taratibu.

"Kati ya hao watatu, aliyempigia simu
alikuwa yule aliyefungwa mabao mengi.
Basi mimi sijui mpira.
Nauliza tu: huyu mpya,
atajua kupiga simu?"

Hapo stima ikapotea.
Mashine ikakata katikati ya neno lake,
redio nayo, na simu ya Gichohi kwenye asilimia tisa.

"Jamani," akasema Lumadede,
"saa saba natarajiwa Ruai kwa wakwe."
Tukamtazama.
Kushoto bwana harusi, kulia kichaka.
Hata Nabwire alishindwa, akafunika mdomo kwa leso.

Nikakiburura kiti hadi mlangoni penye mwanga,
nikatafuta mkasi wa zamani, ule wa marehemu baba,
unaolia kama bawaba.
Kazi ya mkasi haitaki haraka.
Nywele zikamwangukia magotini kidogo kidogo,
na nyuma yangu kimya kikadumu
labda dakika mbili, labda tatu.

Kisha Ouko, kwa sauti ya mtu anayepapasa gizani:
"Na msaidizi, je? Msaidizi tumpe nani?"

Wakaanza upya.
Nilihitaji kuchana utosi kabla ya kumaliza,
nikanyosha mkono mezani,
nikamtoa winga wa kushoto.
Wakaendelea kubishana.
Hakuna aliyeona kwamba tumebaki kumi.